Ubao wa kwanza: maneno kwa wanaoanza kuunda mashua

Ndugu zangu, karibuni karakanani. Mliosimama nyuma sogeeni mbele. Huku hakuna kitu cha kuwauma isipokuwa ule msumeno, nao nimeuvika gunia.

Nimeombwa niseme kidogo kabla kazi haijaanza. Aliyeniomba alitaka nizungumzie urithi wa mababu na fahari ya kazi ya mikono. Nikamwitikia vizuri, kisha usiku nikakaa nikaona sina la kuwaambia kuhusu fahari. Nina la kuwaambia kuhusu ubao mmoja. Ni ule ubao wa kwanza kabisa, unaopakana na mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, kule chini kabisa, ambao mashua ikishaingia majini huuoni tena mpaka siku ya kuipandisha nchi kavu. Majuma 12 mtakayokaa hapa, mtu akitoka anaweza kuutia ubao huo mahali pake bila kuulazimisha, mimi nitasema amejifunza. Kinachofuata ni kurudia hayo hayo, ubao juu ya ubao, mpaka ukingoni.

Nianze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili chombo hakijengwi, huundwa. Inayojengwa ni nyumba. Anayejenga ana ardhi chini yake. Akiweka tofali linakaa, uzito wake wenyewe unalishika. Anayeunda hana msaada huo. Ana mbao ambazo kila moja inataka kunyooka irudi ilivyokuwa, na nje kuna maji yanayotafuta pa kuingilia. Kazi yake ni kuzipatanisha hizo mbao zishikane zenyewe kwa zenyewe. Sijui aliyeanza kutumia neno hilo alifikiri hivyo au mimi ndiye ninayemsingizia, lakini tangu liniingie kichwani sijaweza kulitoa.

Huu hapa katikati ni mkuku, umelazwa juu ya magogo, mita 4 na kitu. Mbele kuna mti wa omo, nyuma mti wa tezi. Haya mataruma matatu yaliyosimamishwa, yaani mbavu za chombo, ni ya kuongozea tu, mengine mtayatia wenyewe. Mkuku tumeuchonga kabla hamjafika. Si kwa kuwadharau. Tezo, lile shoka la kuchongea, ni kifaa kinachopenda miguu ya mgeni, na ningependa wote tufike juma la pili na vidole vyetu.

Mtasikia mafundi wakibishana kipi kitangulie, mifupa au ngozi. Wako wanaosimamisha mataruma yote kwanza, halafu wanagongelea mbao juu yake. Wako wanaoanza na mbao, wanaziunganisha kingo kwa kingo mpaka umbo la chombo lipatikane, ndipo wanaingiza mataruma ndani. Mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba cha pwani ya Afrika Mashariki, uliundwa kwa njia hiyo ya pili. Vivyo hivyo mashua za kaskazini mwa Ulaya ambazo ubao wa juu hulalia kidogo ubao wa chini, kama magamba ya samaki. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza utamaduni wa kuziunda katika orodha yake ya urithi, kwa ombi la Denmaki, Norwe, Uswidi, Ufini na Aisilandi. Sisi hapa tunachanganya: mataruma matatu kwanza, kisha mbao, kisha mataruma yaliyobaki. Mabishano ya njia ipi ni bora yaacheni kwa watu wasio na kazi mkononi.

Ile michoro mnayoikanyaga sakafuni, naombeni msiikanyage. Ni mashua hii hii, kwa ukubwa wake kamili. Kuna siku mbili nzima za kuchora sakafuni na najua mtachoka, maana mlikuja kushika randa. Lakini tazameni jambo moja. Mchoraji hachori kwa rula. Anapigilia misumari kwenye nukta, analaza ufito mwembamba ulionyooka, anaupinda uguse misumari yote, kisha anapiga magoti sakafuni, anaweka jicho usawa wa ufito na kutazama kwa urefu. Nukta moja ikiwa na kosa, hata la milimita 3, ufito unatokeza kama kiwiko. Jicho linaliona kabla ya futi kamba. Basi anaing'oa ile nukta na kuufuata ufito. Umesikia vizuri: kipimo kilichoandikwa kinatupwa, kinaaminiwa kipande cha mti. Siku ya kwanza nililiona jambo hili ni uzembe.

Sasa turudi kwenye ubao wetu.

Ukiutazama mkuku kutoka ubavuni, unadhani ubao wa kwanza ni mnyoofu tu, wa kulazwa pembeni mwake. Hebu baadaye kila mmoja apitishe mkono kwenye huu mfuo uliochongwa ubavuni mwa mkuku. Hapa katikati ya chombo ubao utakaa karibu kulala, kama sakafu. Ukienda omo unaanza kuinuka, na ukifika kwenye mti wa omo umesimama kama ukuta. Ubao mmoja, na ndani ya mita 4 unajisokota kama nguo inayokamuliwa. Je, ubao huo ukiunyoosha ukaulaza mezani, ukingo wake utakuwaje? Mimi nilikisia utakuwa mnyoofu. Ulikuwa umepinda kama mundu uliochoka.

Ndiyo maana hapa hatupimi, tunanakili. Mnachukua plaiwudi nyembamba, mnaikata kwa kukadiria, nyembamba kuliko nafasi yenyewe, mnaibana kwenye mataruma ikae karibu na mfuo bila kuugusa. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Plaiwudi lazima ilale inavyotaka yenyewe. Ukiisukuma kwa ubavu hata kidogo ili ikaribie mfuo, umeifundisha uongo, nayo itakwenda kuusema uongo huo mezani kwa uaminifu kabisa. Ikishalala, mnashika bikari, mnaifungua upana fulani, na mnatembeza ncha yake ndani ya mfuo huku penseli ikiweka alama juu ya plaiwudi, kila sentimita 10 hivi, kutoka tezi hadi omo. Kisha plaiwudi inabanduliwa na kulazwa juu ya ubao halisi. Bikari ile ile, kwa upana ule ule, inarudi kinyume: kutoka kwenye alama kwenda kwenye ubao. Nukta zinazopatikana ndizo umbo la ule mfuo.

Upana ule ule, nasema. Bikari ikianguka ikafunguka kwa unene wa ukucha, kila nukta itakuwa na kosa, na hutajua. Kwa hiyo kabla ya kuanza chora duara moja kwenye kona ya plaiwudi kwa ile bikari. Ukiwa na shaka unarudi kwenye duara, ncha katikati, penseli pembeni, isipolingana, unajua. Kitu kidogo hivyo kimeokoa mbao nyingi kuliko mashine yoyote iliyomo humu.

Kisha kuna hanamu. Ukingo wa ubao hauwi mraba, hukatwa hanamu, yaani mshazari, ili ukae vizuri ndani ya mfuo, na hanamu hiyo hubadilika kila hatua kwa sababu ubao unajisokota. Katikati ni kali, omo karibu haipo. Hapo nina kisa.

Nilianza kazi hii nikiwa mtu mzima, nimezoea kiti na meza, na kile nilichokuwa nacho tele ni kujiamini. Ubao wangu wa kwanza niliufanyia kazi siku tatu. Nilinakili vizuri, duara langu lilikuwepo, nikakata nje kidogo ya mstari kama nilivyofundishwa, nikapiga randa mpaka mstari wenyewe. Hanamu nilikata kwa uangalifu ambao mpaka leo sijaurudia. Tukaubeba watu watatu, tukaupeleka, hauingii. Hanamu ilipaswa kuwa upande wa ndani, mimi nimeikata upande wa nje. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimetengeneza ubao mzuri sana wa upande wa pili wa mashua.

Fundi aliyekuwa akitufundisha akautazama, hakucheka, akasema, "Basi mpelekeni anakotaka kwenda." Tukazunguka. Nikashusha pumzi. Ukakaa vizuri tezi, ukakaa vizuri katikati, na omo ukaacha mwanya wa kidole kizima. Chombo cha kuundwa kwa mkono hakina pande mbili zinazolingana sawasawa, kama uso wa mtu usivyolingana, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Au niliambiwa, nilikuwa nimeshika simu. Ubao ule tuliukata vipande, karakana ikapata kabari za mwaka mzima.

Niliona aibu kwa muda mrefu, mpaka niliposoma habari za mashua ya Khufu. Mwaka 1954, kando ya piramidi kubwa ya Giza nchini Misri, lilifukuliwa shimo lililofunikwa kwa mawe mazito, na ndani yake kulikuwa na mashua nzima iliyobomolewa vipande 1,224 na kupangwa kwa adabu. Ina umri wa miaka zaidi ya 4,500. Kazi ya kuiunganisha alipewa Ahmed Youssef Moustafa, bingwa wa kutengeneza vitu vya kale, ambaye hakuwa fundi wa vyombo. Alifanyaje? Alikwenda kuwatazama waundaji wa mashua za mto Naili, akajifunza kwao mbao zinavyokutana, akachonga mifano midogo, ndipo akaanza. Hakuwa na mchoro. Alijaribu, akabomoa, akajaribu tena, na kazi ikamchukua zaidi ya miaka 10. Mashua ikasimama, urefu wake mita 43 hivi, mbao zimeungwa kwa kamba zinazopita ndani kwa ndani bila kutokeza nje.

Kilichonifariji si ukubwa wake. Ni kwamba zile mbao zilikuwa na alama. Kuna alama ya omo kulia, ya omo kushoto, ya tezi kulia, ya tezi kushoto. Fundi wa mfalme, mwenye wasaidizi na mti wa mwerezi kutoka ng'ambo, naye aliogopa kuchanganya pande. Basi juma hili kila mmoja wenu atapewa penseli nene, na sitaki kuona ubao wowote humu usioandikwa: upande gani, juu wapi, nje wapi. Andikeni kwa herufi kubwa. Hakuna atakayewacheka, na akiwacheka nileteeni.

Kuhusu mti wenyewe nitasema machache, maana mtaushika kutwa na utawafundisha kuliko mimi. Angalieni nyuzi zake zinavyokwenda. Mafundi wa makumbusho ya meli za kale huko Roskilde, Denmaki, walipounda nakala ya meli ya kivita ya karne ya 11, yenye mita 30, hawakupasua magogo kwa msumeno. Waliona kwenye mbao za kale alama za shoka, wakagundua kuwa waundaji wa zamani walipasua mwaloni kwa kabari kutoka katikati ya gogo kwenda nje, kama mtu anayegawa mkate. Kabari hufuata nyuzi. Msumeno hauna habari nazo. Ubao uliofuata nyuzi unaweza kuwa mwembamba na ukapinda bila kukatika. Meli hiyo ilisafiri mpaka Dublin mwaka 2007. Sisi tunatumia mbao za msumeno kwa sababu hatuna mialoni ya kupasua wala mwaka mzima wa kupasulia, ila mtachagua: nyuzi zikitoka nje ya ubavu wa ubao, ubao huo hauendi mahali pa kupinda. Huo ni wa viti.

Mataruma yaliyobaki tutayapinda kwa mvuke, na hiyo ndiyo siku mtakayoipenda kuliko zote. Kuna sanduku refu la mbao kule nje, na pipa la maji linalochemka chini yake. Kanuni ya mafundi ni saa 1 ya mvuke kwa kila milimita 25 za unene. Mti ukiiva, mnazo sekunde chache tu: unatoka sandukuni, mnakimbia nao, mmoja anakanyaga mguu wa taruma kwenye mkuku, mwingine anavuta kichwa, wa tatu anabana. Dakika ikipita, basi. Samaki mkunje angali mbichi, na hapa methali si ya malezi ya watoto, ni maelekezo ya kazi. Tutatumia mti uliokaushwa kwa hewa tu, usiotiwa tanuri, kwa sababu uliokauka mno hukatika hata ukiuchemsha siku nzima. Pindeni kupita kiasi kidogo, maana ukiachiwa hujirudi. Na vaeni glavu. Yatakatika mataruma mawili matatu, tumeyakata ya ziada.

Misumari: shaba na shaba. Msichanganye shaba na chuma karibu karibu chini ya mstari wa maji, chumvi hufanya metali moja iile nyingine. Hilo limeisha.

Sasa kukalafati. Mshono kati ya ubao na ubao unatakiwa ubane kabisa upande wa ndani na uache upenyo mwembamba upande wa nje, kama herufi V. Ndani ya upenyo huo tunasukuma nyuzi za pamba kwa patasi butu na nyundo ya mti. Anayeanza anadhani ni kazi ya nguvu. Ni kazi ya sikio. Pamba inapoingia, nyundo inatoa sauti nene, ya kitu kitupu. Inapokaa, sauti inakuwa nyembamba, kama umegonga gogo zima. Hapo acheni. Ukiongeza nyundo tatu za kujihakikishia, mashua ikiingia majini ubao unavimba, hauna pa kwenda, na nguvu hiyo inakwenda kwenye misumari au kwenye mataruma. Nimewahi kuamka usiku kwa kusikia taruma likipasuka ndani ya chombo changu mwenyewe, kimya kimya, mara moja, kama mtu aliyevunja kijiti. Ni pamba yangu.

Na hii iwaingie mapema, kabla ya siku ya kushua, ya kukitia chombo majini: mashua yenu itaingiza maji. Msipige kelele, msilaumiane. Mti huvimba kwa upana, kukatisha nyuzi. Kwa urefu karibu hauongezeki. Mbao zilizokaa karakanani majuma 12 zimekauka, na zikikutana na maji zinahitaji siku kadhaa kufunga mishono. Tutafua maji kwa zamu, usiku na mchana, na kiasi kitapungua. Nawaambieni sasa kwa sababu kila kundi kuna mtu anayekimbilia gundi. Gundi mahali pake ni nzuri, siigombi. Lakini mshono uliozibwa kwa gundi ngumu hauachi ubao uvimbe, na ubao usipoachwa huo utatafuta njia nyingine. Nimeshawaeleza njia hiyo inavyosikika.

Kuna aliyeniuliza pale mlangoni kama anunue seti ya zana kabla ya kuanza. Mchagua jembe si mkulima. Msinunue kitu. Randa ziko 12, patasi zipo, keekee zipo, na zote zina sifa moja: ni butu. Nimeziacha hivyo makusudi. Asiyejua kunoa hataweza kuusikia ubao, kwa sababu randa butu hung'oa nyuzi na kukuambia mti ni mbaya. Randa iliyonolewa hutoa unyoya mrefu, mwembamba hata unaweza kuona kidole chako ukipitisha nyuma yake, na hapo hapo mkono unajua ulipopita upande wa nyuzi na ulipokwenda kinyume. Kunoa kutachukua leo yote na pengine kesho mpaka mchana. Vumbi litakuwepo kila siku, kwa hiyo vaeni barakoa; vumbi la mti si kitu cha kupuuza, liko kwenye orodha ya visababishi vya saratani, na fundi mwenye kifua kibovu hana randa ya kumtibu.

Swali la mwisho kabla hatujaanza, kwa sababu naona mkono pale. Ndiyo, mtajaribu kuutia ubao wa kwanza zaidi ya mara moja. Mtaubeba, mtaubana, mtaona mwanga unapenya mahali, mtaweka alama, mtaurudisha mezani, mtapiga randa mara mbili, mtaubeba tena. Mimi kwa sasa huwa naenda na kurudi mara 9 au 10. Fundi wangu alikuwa akifanya mara 6. Nilimwuliza siku moja lini nitafika mara 6, akaniambia nianze kwa kuacha kuhesabu, jambo ambalo, kama mnavyosikia, bado halijanifaa.

Vinoo viko mezani kule dirishani, vimelowekwa tangu alfajiri. Kila mmoja achukue randa moja, atoe kisu chake, akitazame dhidi ya mwanga. Mkiona mstari mweupe ukingoni, huo ndio ubutu. Tuanze.